Ngoma Nyuma ya Turubai

Ukitaka kujua nani amegombana na nani pale mtaa wa West Indies, au kwa nini mvua ya Eldoret hungoja mpaka umeanika nguo, nenda ukae kwenye benchi lililo mbele ya kibanda cha Wanyonyi fundi wa viatu. Ni ubao mrefu tu uliopigiliwa miguu minne, mmoja mfupi, na pembeni Mama Waithira huweka jiko na birika lake la kahawa ya tangawizi. Wenyeji wa benchi ni watatu na mikono yao haitulii. Wakishaanza kuongea wanaanza pia kugongagonga ubao kwa vidole, kahawa inamwagika, na Mama Waithira anawauliza kama mama zao waliwalea ama waliwaokota. Jumamosi hiyo lakini alikuwepo mtu wa nne, msichana mgeni, na kwa sababu yake Wanyonyi alikuwa hakai akatulia.

Msichana aliitwa Vivian. Jumatatu alikuwa ameleta buti nyeusi za kiume zibadilishwe soli, na Wanyonyi alipozigeuza akaona alama ya radi imechorwa kwa msumari pale kisiginoni. Akauliza ni za nani. Za baba yangu, akajibiwa, alikuwa anapiga drums. Wanyonyi akaweka sindano chini. Alama ile aliijua kama anavyojua jina lake. Ilikuwa ya Radi Kavu, bendi ya heavy metal iliyotoka Nairobi miaka ile ikazunguka Nakuru, Eldoret na Kitale. Nakuru na Kitale huenda walishasahau. Benchi hili halijasahau hata siku moja. Na mpiga drums wao aliitwa Mukhwana, aliyekufa Vivian akiwa hata hajaanza nasari.

— Mama hapendi hizo stori, Vivian alimwambia. Akiulizwa anasema tu alikuwa mtu wa kelele.

Sasa Wanyonyi, kijiweni, anaitwa Shahidi, kwa sababu hakuna jambo limewahi kutokea mjini bila yeye kuliona kwa macho yake. Akajipiga kifua. Akamwambia njoo Jumamosi, sisi tulikuwa mbele kabisa, tutakupa baba yako mzima mzima. Maneno matamu kuyatoa. Leo msichana alikuwa amekuja kweli, amekaa katikati yao na kikombe mikononi, anangoja kupewa baba, na Wanyonyi alianza kuhisi uzito wa alichoahidi.

Aliyefungua mazungumzo ni Kipyego, wanayemwita Mapafu. Alikuwa mkimbiaji mpaka goti likamsaliti, na tangu hapo kila jambo duniani analieleza kwa pumzi. Alianza na jinsi walivyoipokea bendi. Hapa kwetu mtu mwenye jina akifika anapewa mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu, akaeleza, na siku hiyo hakuna aliyejiuliza kama wageni wanakimbia ama wanaimba. Kina mama walijipanga na vibuyu, wakawaimbia wale vijana wa nywele ndefu kama wametoka kushinda marathon. Mwimbaji, maskini, hakujua kwamba mtu huonja tu. Alikimaliza kibuyu kizima, akapanda jukwaani na meno meusi kwa ule mkaa wa maziwa, na watu wa mbele wakadhani ni mapambo ya shoo. Wakapiga nduru mpaka ng'ombe wa Kapseret wakasikia.

— Na baba yangu? Alikunywa pia?

Kipyego akakuna kichwa. Mukhwana alikuwa ameshakwenda kupanga drums zake kwenye lile trela lililokuwa jukwaa. Kibuyu hakikumfikia.

Wanyonyi akasema haraka kwamba hapo ndipo waanzie, wamwambie mtoto habari za Mukhwana. Wakakubali wote kwamba Mukhwana alikuwa moto, moto kabisa, kisha wakarudi kwa mwimbaji. Maana kuna jambo lililowashinda kulimaliza miaka yote hiyo. Katikati ya shoo mvua ilishuka, mwimbaji akaruka kutoka kwenye trela akatoweka, stima ikapotea, na hakurudi tena. Kwa nini?

— Ni mapafu, Kipyego akasema. Huwezi kumtoa mtu Nairobi umlete huku juu, umwambie apige mayowe saa nzima. Hewa yetu ni nyembamba. Angekaa kwanza kwenye kambi ya wakimbiaji kule Iten akikimbia polepole.

— Mapafu yako weka, Joash akasema. Ni maziwa. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Huyo aliyavulia kibuyu kizima, akaenda kuyaoga nyuma ya lori.

Joash ni karani, na kijiweni anaitwa Wahenga. Methali anazo nyingi, shida ni kwamba anazitoa mfukoni bila kuangalia. Kipyego akamwambia kama ni tumbo, mtu angerudi. Yeye alikuwa amesikia mwimbaji alionekana asubuhi akikimbia na vijana wa kambi, amekatwa nywele, na kwamba mwaka uliofuata alishindana mbio akiwakilisha nchi nyingine huko Ulaya kwa jina la kigeni. Joash naye akasema hizo ni ndoto, kwamba nywele ndefu namna ile ni waya, radi ilikuwa inamtafuta yeye, ilipomkosa ikabeba stima ya mji mzima. Mwenda pole hajikwai, akamalizia, ndiyo maana jamaa alitoka mbio.

Vivian alicheka, lakini alikuwa anamtazama Wanyonyi.

Basi Wanyonyi akakohoa, akasimulia mwenyewe. Stima ilipotea, vipaza sauti vikanyamaza, gitaa likawa ubao tu. Watu wakaanza kugeuka waende. Halafu kwa lile giza la mvua, drums zikaendelea. Drums hazihitaji stima. Mukhwana alipiga peke yake, na hakuna aliyeondoka. Watu wazima walisimama wamelowa, wengine wanalia bila kujua wanalilia nini. Yeye Wanyonyi alikuwa mmoja wao, na hilo alilisema waziwazi.

Vivian aliweka kikombe chini.

— Uncle, sura yake ilikuwa aje akipiga? Alikuwa anafurahi?

Wanyonyi aliitafuta hiyo sura kichwani. Akaona trela. Akaona meno ya mwimbaji. Na nyuma yao akaona rangi ya buluu, buluu tupu toka upande huu mpaka ule. Akamwangalia Kipyego, Kipyego akaangalia goti lake. Akamwangalia Joash, naye akainamia kikombe kama wahenga wamo humo.

— Nimetazama video zote kwa YouTube, Vivian akasema. Nyuma kuna buluu tu.

— Ni turubai, Wanyonyi akasema. Tulijua mvua itakuja, sisi ni watu wa hapa. Tukamfunikia drums zisilowe, mbele na juu, tukakaza kamba sisi wenyewe. Hatukumwona, mwanangu. Tulimsikia tu.

Vivian akatikisa kichwa polepole, akasema ni sawa. Akamshukuru Mama Waithira kwa kahawa, akachukua mfuko wenye buti, akasimama. Wanyonyi alitamani benchi lipasuke limmeze. Alikuwa amemwita mtoto wa watu aje achukue baba, na sasa anamrudisha mikono mitupu.

Aliyeanza ni Joash. Vidole vyake viligonga ubao, kama kawaida yao, ile iliyokuwa ikimwaga kahawa miaka yote. Kipyego akaingiza kisigino. Wanyonyi akachukua nyundo akagonga kwenye chuma cha viatu. Du, du-du, du. Kisha kimya kirefu, kile kilichowafanya watu siku ile wadhani Mukhwana amechoka. Kisha mbili za haraka, du-du. Hakuna aliyemhesabia mwenzake, na hakuna aliyekosea.

Vivian alikuwa ameshafika barabarani. Alisimama.

— Rudieni hapo.

Wakarudia. Akaja mpaka kwenye mlango wa mbao wa kibanda, akakunja ngumi, akagonga. Ngo, ngo-ngo, ngo. Akangoja, kimya kilekile, hakukipunguza. Ngo-ngo.

— Hivyo ndivyo baba alikuwa anabisha akitoka kazini, akasema. Mama alikuwa ananiachia mimi nifungue. Nimekaa miaka yote nikifikiri niliota.

Kahawa ilikuwa imemwagika ubao mzima. Mama Waithira aliinua birika, akakuta ni tupu, akalirudisha kwenye jiko.

— Endeleeni, akawaambia.