Dada Kalamu Nyekundu na Kitabu Alichosomewa Wodini

Wazee wetu, ndugu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia imemtuma mdogo wa marehemu, mwalimu mstaafu huyu aliyesimama mbele yenu, awasomee maisha ya dada yake, naye anaomba radhi mapema, kwa kuwa historia hii haikupitia kwa mhariri, na mhariri mwenyewe ndiye tuliyemlaza hapa mbele yenu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watano wa karani wa posta na mshonaji wa nguo, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alianza darasa la kwanza mwaka 1968, akamaliza la saba mwaka 1974, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1978, na walimu wake walimkumbuka kwa jambo moja, kwamba aliwasahihisha ubaoni wakiwa bado wameshika chaki, akachapwa kwa hilo, wala hakukoma.

Baada ya mwaka mmoja wa chuo cha uhazili, tarehe 5 Mei 1980 aliajiriwa na kampuni ya gazeti kuwa msoma prufu, yaani wa kukagua kurasa kabla hazijachapwa, katika chumba kisicho na dirisha kilichonuka wino, na huko ndiko waandishi waliokuwa wakiona habari zao zikirudi zimechorwachorwa walikompa jina la Kalamu Nyekundu. Tarehe 30 Juni 1994 gazeti lilifungwa, wenzake wakatafuta ajira kwingine, yeye akarudi nyumbani na kamusi yake, akaweka mashine ya kupigia chapa juu ya meza ya cherehani ya mama, akaanza kujitegemea.

Jamani, hapo ukoo tulimchosha, kwa sababu mtu anayefanya kazi nyumbani akiwa na gauni la kushindia, machoni pa ndugu hana kazi, basi shangazi wakamwachia watoto, wajomba wakamtuma sokoni, na mama yetu mpaka anafumba macho alikuwa akimwuliza ataajiriwa lini. Yeye alicheka, akampakata mtoto wa watu kwa mkono mmoja na kusahihisha kitabu cha sayansi kwa mkono wa pili. Alianza na barua za watu za kuomba kazi na risala za harusi, kisha wachapishaji wakamjua, akahariri vitabu zaidi ya themanini ambavyo jina lake halimo, na akaandika viwili vyenye jina lake, mwaka 2003 na mwaka 2011. Wengi wenu mlimletea historia za marehemu wenu azinyooshe, na mnakumbuka alivyofuta kila palipoandikwa kwamba mtu alikuwa kipenzi cha wengi, akawauliza, kipenzi kwa kufanya nini?

Tarehe 6 Agosti 1985 alifunga ndoa na fundi saa, mtu wa maneno ya kuhesabu, wakajaliwa binti mwaka 1987, ambaye ni muuguzi, na kijana mwaka 1990, ambaye ni fundi umeme, na ameacha wajukuu watatu. Marehemu alikuwa na sharti lake, kwamba andiko halitoki nyumbani kwake kabla mtu hajalisoma kwa sauti, yeye akisikiliza amefumba macho, na msomaji alipokwama alijua hapo pana kasoro, na msomaji huyo alikuwa mumewe. Fundi saa alipofariki tarehe 9 Februari 2015, kazi hiyo ya kusoma ikamwangukia mwalimu huyu.

Januari 2021 dada alimaliza kitabu cha tatu, sura kumi na moja alizozihangaikia tangu awe mjane, akampa mdogo wake nakala ya mswada ajiandae kumsomea. Hapa mwalimu mstaafu hana pa kujificha. Aliuweka juu ya kabati, na kila alipoulizwa alijibu kwamba anaupitia, leo ana kikao, kesho ana mgeni, keshokutwa macho yanamwuma, ahadi juu ya ahadi, hata miaka mitatu ikapita, na dada hakugomba, aliacha tu kuuliza.

Maradhi ya figo yalianza Februari 2023, na tarehe 3 Septemba 2024 akalazwa wodi ya wanawake, kitanda namba tisa. Siku hiyo mwalimu aliuteremsha mswada, akaupangusa vumbi, akaenda nao, na kila jioni dada alipokuwa na nguvu akamsomea, hadi mama wa kitanda cha kumi akawa anamkaripia akichelewa. Alipofika sura ya saba alilia, akaomba msamaha kwa kumchelewesha, na dada akamwambia asome tu, asimharibie aya. Tarehe 21 Oktoba, saa tisa na nusu alasiri, dada alifariki, mwalimu akiwa njiani na sura ya nane mkononi, na marehemu ameishi miaka sitini na mitatu, miezi saba na siku saba.

Juzi mhariri wa shirika la vitabu alikuja kutupa pole, akatoa kwenye bahasha kitabu hicho hicho, kimeshachapwa, akidhani tunajua. Marehemu alimkabidhi mswada Novemba 2022, bila kusomewa na mtu, na prufu za mwisho alizisaini Julai mwaka huu, kabla hajalazwa. Mwalimu alipomwuliza binti wa marehemu, akajibiwa kwamba mama aliwakataza kusema, aliwaambia mwacheni mjomba wenu asome, siku nyingi hajaja kukaa nami.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, mama wa kitanda cha kumi ambaye ametoka hospitali na yuko nasi hapa, majirani mliopika na kulala nasi, na waandishi wote mliowahi kurudishiwa kazi zenu zikiwa nyekundu.

Dada, mdogo wako alidhani miaka yote ulikuwa ukingoja kitabu kisomwe, kumbe ulikuwa unamngoja yeye. Pumzika kwa amani.