Kumuaga Bi Kwanini wa Chumba cha Dharura

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mganga Mkuu wa hospitali yetu. Mkuu wa Chuo cha Uuguzi na walimu wote. Madaktari, wauguzi na wahudumu wenzangu. Wanafunzi mliobanana pale nyuma kwa sababu viti vimewaishia. Watoto na wajukuu wa mstaafu wetu. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe Mwalimu wangu, ambaye shughuli hii ni yako ingawa najua ungependa imalizike mapema urudi nyumbani: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimepewa kazi ya kusema machache kwa niaba ya wauguzi wa chumba cha dharura. Mshereheshaji amenionya nisizidishe muda, na amekaa karibu ili anione vizuri. Nitajitahidi.

Wengi wenu mnamfahamu mstaafu wetu kwa jina ambalo halimo kwenye cheti chake chochote. Wanafunzi walimpa jina la Bi Kwanini, na walimpa kwa haki. Ukimfunga mgonjwa bendeji mbele yake, atakuuliza kwa nini umeanzia chini. Ukimwambia ndivyo tulivyozoea, atakutazama kwa upole, kisha atauliza kwa nini mlizoea hivyo. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, na nakiri mbele yenu kwamba kuna siku nilipita mlango wa nyuma ili nisikutane naye. Lakini leo sikusimama hapa kusimulia tabia zake. Nimesimama kueleza jinsi swali lake moja lilivyobadilisha kazi yetu, na jinsi swali hilohilo lilivyomfikia yeye mwenyewe.

Zamani, ndugu zangu, mgonjwa wa dharura moyo wake uliposimama, jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuita msaada, na la pili kumtoa ndugu yake nje. Hatukumuuliza. Tulimshika bega, tukamwambia, "Tafadhali subiri nje," mlango ukafungwa. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Tulifundishwa kwamba ndugu akiona kifua cha mzazi wake kinakandamizwa kwa nguvu namna ile, atavurugikiwa na akili maisha yake yote. Tuliamini tunamkinga.

Siku moja chuo kilimwita fundi seremala kurekebisha milango ya makabati darasani. Alikuwa mtu mzima, mkimya, fundi asiyepiga msumari bila kuupima kwanza. Alimaliza kazi, akakusanya vifaa vyake, lakini hakuondoka. Akamsubiri Mwalimu amalize kipindi. Kisha akamwambia, "Mama, wewe hunikumbuki, ila mimi nakukumbuka. Wewe ulikuwepo siku mke wangu alipofia hospitali."

Mwalimu akamkaribisha kiti. Fundi akabaki amesimama.

"Nina jambo nataka kukuuliza, na naomba usinifiche," akasema. "Mlimwangusha?"

Mwalimu hakuelewa. Akamwomba aeleze. Fundi akasema kwamba alipotolewa nje aliketi kwenye benchi la koridoni, akawa anasikiliza. Alisikia watu wakikimbia, akasikia amri zinatolewa, kisha akasikia kishindo kikubwa, kitu kizito kimeanguka sakafuni. Baada ya hapo pakawa kimya. Muda mfupi baadaye daktari akatoka kumwambia kwamba mke wake amekwisha kufariki. Tangu siku ile, kwa miaka yote ile, fundi huyu alilala na kuamka akijua kwamba walimwangusha mke wake kitandani, na kwamba ndicho kilichomuua.

"Sikumwambia mtu," akasema. "Watoto wangekuja kuwachomea hospitali."

Mwalimu alikumbuka. Ilikuwa trei ya vifaa. Muuguzi mmoja aligeuka kwa haraka, kiwiko kikaigonga, ikaanguka na kila kilichokuwa juu yake. Mke wa fundi alikuwa kitandani wakati wote, mikono ya watu iko juu yake, na mkono mmoja ulikuwa kichwani kwake mpaka mwisho. Mwalimu akamweleza yote hayo, taratibu. Mzee wa watu akakaa chini sakafuni katikati ya maranda ya mbao, akalia kama mtu aliyepewa habari za msiba siku hiyohiyo.

Naomba tujiulize sote tulio ndani ya ukumbi huu. Tulimkinga na nini mtu yule? Tulimzuia asione mikono ikimhangaikia mke wake, tukamwachia masikio yake yamtungie jambo baya kuliko yote yaliyotokea ndani. Je, alikuwa fundi peke yake? Ni wangapi wengine walioketi kwenye benchi lile na kurudi nyumbani na kishindo ambacho hakuna aliyewaeleza?

Swali hilo ndilo Mwalimu alilokwenda kulitafutia jibu. Na hapa nataka wanafunzi wanisikilize vizuri, kwa sababu mtu mwingine angetoka darasani pale akiwa na uchungu, akaenda moja kwa moja kwa Mganga Mkuu kudai milango ifunguliwe. Mwalimu hakufanya hivyo. Alisema kisa cha fundi kimemgusa moyo, lakini kisa kimoja hakitoshi kubadilisha huduma ya watu wote. Akaandika andiko la utafiti, akalipeleka kwenye kamati ya maadili. Likarudishwa. Akalirekebisha, likarudishwa tena. Wajumbe walihofia kwamba kuwauliza wafiwa ni kuwatonesha vidonda. Nao walikuwa na haki ya kuhofia. Mwishowe walikubaliana: kila mfiwa aombwe ridhaa, aruhusiwe kunyamaza anapotaka, na Mwalimu asiondoke nyumbani kwa mtu kabla hajahakikisha kuna wa kukaa naye.

Akaanza kutembelea majumbani. Alikaa kwenye mikeka, kwenye sebule za watu, kwenye ngazi za maghorofa ambayo lifti zake zilikwisha kufa. Aliwauliza waliotolewa nje, akawauliza na wachache ambao kwa bahati tu walikuwa wamebaki ndani. Binti mmoja alimwambia, "Niliona mlivyotoka jasho. Basi, nikajua mama hakutupwa." Wengi walisema maneno ya kufanana na hayo.

Lakini hawakuwa wote. Kuna dada aliyebaki na kaka yake, naye alisema, "Nilichokiona sikukihitaji. Ningetolewa ningeshukuru." Mwalimu angeweza kulipunguza makali jibu lile, maana lilimharibia hesabu zake. Badala yake aliliweka mwanzoni kabisa mwa ripoti, ili msomaji yeyote asipite bila kukutana nalo.

Ndipo akarudi hospitali kuomba tujaribu. Daktari wetu bingwa wa dharura, ambaye yumo humu ukumbini na amenipa ruhusa kusema haya, alipinga. Kikao kile nilikuwepo. Alisema, "Chumba chenyewe kidogo. Ndugu akizimia nitakuwa na wagonjwa wawili. Na akinishika mkono je, wakati nafanya kazi?"

Nilidhani Mwalimu atakasirika. Akasema, "Daktari, hofu zako ni za kweli. Tuzipime pamoja."

Na wakazipima pamoja. Hakuna aliyezimia. Lakini mkono wa daktari ulishikwa kweli. Kijana mmoja alimng'ang'ania akimlilia asiache kumkandamiza baba yake, ikabidi atolewe. Tukio hilo nalo liliingia kwenye ripoti, na daktari mwenyewe ndiye aliyeandika sehemu hiyo. Tulichojifunza sote ni kwamba ndugu hahitaji kuingizwa tu wala kutolewa tu. Anahitaji kuulizwa. Na popote atakapochagua kukaa, ndani au nje, asiachwe peke yake: muuguzi mmoja awekwe kando kwa kazi hiyo tu, asimame naye, amweleze kwa maneno ya kawaida kinachofanyika. "Sasa wanamsaidia kupumua." "Hicho kilichoanguka ni trei." "Wamesimama kidogo waangalie kama moyo umeanza."

Leo huo ndio utaratibu wetu, na wanafunzi wanafanyia mazoezi sentensi hizo mbele ya mwanasesere wa plastiki mpaka ziwatoke bila kutetemeka. Hospitali nyingine zimekuja kujifunza kwetu. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kama ningeishia hapa, ingetosha kuwa sababu ya kumpigia makofi mama huyu. Lakini familia yake imeniruhusu nieleze jambo moja zaidi, na mwenyewe hakunikataza. Alisema tu, "Usiniongezee chumvi." Sitaongeza.

Mwaka juzi, asubuhi, nikiwa mkuu wa zamu, gari la jirani liliingia kwa kasi getini kwetu. Alishushwa mume wa Mwalimu. Mzee yule, mwalimu wa hesabu aliyefundisha nusu ya watu waliomo humu, alianguka bafuni akinyoa ndevu. Povu la sabuni lilikuwa bado liko shavuni. Moyo ulikuwa umesimama. Tukamkimbiza ndani, timu ikaanza kazi.

Mwalimu alikuja nyuma yake na kanga aliyojitanda kinyume, miguuni ana kandambili zisizolingana. Muuguzi wetu mmoja, mwenye nia njema kabisa, alikwisha mfungulia pazia. Nani angedhani vinginevyo? Huyu ndiye aliyetufundisha. Kama kuna mtu duniani ambaye nafasi yake ni ndani ya chumba kile, si huyu?

Sijui ni nini kilichonisimamisha mbele yake. Nadhani ni mazoea tu ya mazoezi yale. Nikamwambia kama ninavyomwambia kila ndugu: "Mama, wenzangu wanajaribu kumrudisha. Unaweza kuingia ukae karibu naye, au ukabaki hapa. Popote, nitakuwa na wewe. Ungependa ipi?"

Akanitazama. Nilimwona akilitafuta jibu, kama vile swali lile hajawahi kulisikia. Pazia liko wazi, muuguzi amelishika anasubiri. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana, baba. Nibaki hapa," akasema. "Nimeona vifua vingi. Chake sitaki kukiona."

Pazia likafungwa. Tukakaa kwenye benchi. Nikafanya kazi yangu. Nilimweleza kila sauti, mwanamke ambaye alizijua sauti zile kabla mimi sijajua kuvaa glovu. Hakunikatiza. Wakati mmoja aliuliza, "Mbona kimya?" Nikasimama, nikachungulia, nikarudi nikamwambia wanaangalia kama moyo umeanza. "Umeanza?" akauliza. Nikamwambia, "Bado, mama." Akanishika mkono, akaubana, akaendelea kuubana.

Aliyetoka ni daktari wetu, yuleyule wa kikao kile. Hakusimama mlangoni akasema akiwa na mguu mmoja ndani. Alikuja akaketi kwenye benchi, upande wake wa pili. Akasema, "Mwalimu, mzee amefariki." Hakusema ametutoka, hakusema hali imekuwa mbaya, hakusema tumejitahidi. Alitumia neno ambalo Mwalimu alitufundisha kulitumia, kwa sababu mfiwa hapaswi kubahatisha. Kisha akakaa. Alikuwa na wagonjwa wengine wanaomngoja, na alikaa.

Baadaye Mwalimu aliomba kuingia. Aliingia peke yake, mimi nikabaki karibu na mlango. Alilowesha pamba, akamfuta mumewe povu lililobaki chini ya sikio. Akasema naye kidogo. Yaliyosemwa siyajui, na hata ningeyajua hayanihusu.

Alipomaliza msiba alirudi darasani. Tulimwambia apumzike, akasema nyumbani pamekuwa pakubwa mno. Kipindi chake cha kwanza kilikuwa hichohicho, cha ndugu wa mgonjwa wa dharura. Tulitaka kumbadilishia, akakataa. Nilikaa nyuma ya darasa, nikiwa na wasiwasi. Alifundisha kama kawaida yake, kwa nini hiki na kwa nini kile. Kipindi kikaelekea mwisho. Mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye leo ni muuguzi kamili na ameketi mstari wa tatu, akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, samahani kama nitakosea. Unajuta kwamba hukuingia?"

Nilitaka kuinuka nimwambie akae. Mwalimu akanizuia kwa mkono, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Umeuliza vizuri," akasema. "Kuna siku najuta. Najiuliza kama alinihitaji. Kuna siku sijuti, kwa sababu ninayemkumbuka ni mzee wangu ananyoa ndevu huku akiimba vibaya, na sina picha nyingine ya kuifuta hiyo. Sijui siku zipi ni nyingi zaidi. Lakini mwanangu, siku zote mbili ni zangu. Hakuna aliyenichagulia."

Mwalimu, hilo ndilo somo ambalo sisi wauguzi wa chumba cha dharura tunakushukuru kwalo, na ndilo tutakalowafundisha wanaokuja. Hukutufundisha kwamba unajua kilicho bora kwa kila mtu. Ulikwenda ukamuuliza, hata jibu lilipokuharibia hesabu. Pumzika sasa, mama yetu. Na ukitembelea wodini ukakuta tunafanya jambo kwa sababu tu tumelizoea, tunakuomba usitupitie kimya.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa utulivu wenu na kwa kunisikiliza mpaka hapa. Asanteni sana.