Taratibu, Mnyanyua Wagonjwa

Kaka yetu, ambaye wodini wote walimwita Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, asubuhi ya manyunyu yaliyoanza usiku yakaendelea hadi adhuhuri. Alisoma hadi kidato cha pili, akaacha mwaka 1979 baba alipofariki, ili sisi wadogo zake wawili tuendelee.

Mwaka 1984 aliajiriwa hospitalini kama mhudumu wa wodi. Kazi yake ilikuwa kunyanyua wagonjwa, kutoka kitandani hadi kwenye machela na kuwarudisha. Kila mara alisema, "Taratibu mama, tunakwenda wote," na jina likamganda. Huko ndiko alikompata wifi yetu, mpishi wa jikoni, aliyemkemea siku moja: "Chai ya pili hii unampelekea mgonjwa gani?" Akajigusa kifua: "Huyu hapa." Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987.

Agosti 2009, alipokuwa akimhamisha mzee mmoja, breki ya kitanda ilikataa na uzito wote ukamwelemea. Hakumwangusha. Tangu siku hiyo kiuno hakikumwachia. Alilala sakafuni, akala amesimama. Shemeji zake walimwita "mgonjwa wa zamu", kwa kuwa maumivu yalizidi siku za kazi. Mwaka 2011 picha ya uti wa mgongo ilipoonyesha kwamba diski mbili za chini zimechakaa na kusinyaa, alifurahi kama aliyefaulu mtihani. Aliibandika dirishani. "Haya, oneni wenyewe. Naigiza?"

Furaha hiyo haikumaliza mwezi. Alipoomba kazi ya kukaa, msimamizi alileta picha ya mgongo ya mtunza stoo, aliyepimwa baada ya kuanguka kwenye ngazi. Diski zilezile, uchakavu uleule. "Mwenzako anabeba maboksi huku anapiga mluzi. Wewe una nini?" Daktari alieleza kwamba diski za wengi huchakaa, mmoja akaumwa na mwingine asiumwe; picha peke yake haiamui, inabidi mgonjwa asikilizwe. Ofisi ilisikia nusu ya kwanza tu. Akarudishwa kunyanyua.

Aliishi kwa vidonge vya maumivu mpaka vikamtoboa tumbo. Alilazwa katika wodi yake mwenyewe tarehe 3 Machi 2016, akafariki tarehe 7, saa nne asubuhi. Shada lililotoka ofisini limeandikwa "Mchapakazi". Familia imelisoma.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake. Alale sasa pasipomuuma.

Jioni ya mwisho msimamizi alikuja kumwona, akasema sasa anaamini. Kaka alijibu, "Asante, bosi," akageukia ukutani. Kesho yake asubuhi wahudumu wawili walikuja kumhamisha kitanda. Aliwazuia kwa mkono. "Acheni jamani, mtaumia migongo." Akakunja magoti, akajisukuma kwa kiwiko, kidogo kidogo, akahama mwenyewe.