Kilo Kumi na Nne za Binti Yetu

Marehemu binti yetu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 2003, kitinda mimba katika watoto wawili wa dada yetu, fundi cherehani, na mumewe, dereva wa lori, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2011.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha magodoro, kisha sekondari ya bweni, alikofaulu vizuri hesabu na fizikia. Akiwa darasa la tano aliifungua cherehani ya mama yake aone uzi unavyozunguka, akaifunga tena ikabaki skrubu moja mkononi. Cherehani inashona mpaka leo.

Oktoba 2022 alijiunga na chuo kusomea uhandisi wa mitambo. Huko aliingia katika timu ya wanafunzi kumi na wanane waliounda gari dogo la mashindano ya vyuo. Kila kipande kilichorwa kwanza kwenye kompyuta, na programu ikajumlisha uzito wa gari zima. Marehemu alichora kiti. Kwa kuwa ndiye angeendesha, vipimo vya mwili wake viliingizwa kwenye mchoro, na kilo zake zikaandikwa mstari wa mwisho wa jedwali la vipuri.

Januari mwaka huu alikuwa na kilo 58. Kila Jumamosi alipanda mizani ileile iliyopima vyuma. Machi, 54. Mei, 49. Wenzake walipiga makofi, wakakichora kiti upya kiwe chembamba, wakamwita Unyoya.

"Unyoya, umetupunguzia kilo tisa bila kukata hata bomba!" nahodha wao alimwambia. "Tukikukuta na chipsi, tunakufukuza timu."

Fundi mchomeleaji wa karakana peke yake ndiye aliyeuliza: "Chuma kinapungua kwa sababu nakipiga tupa. Wewe, binti, nani anakupiga tupa?"

Wakacheka wote, naye akacheka.

Nyumbani hatukuwa bora. Mama yake alimpunguzia magauni mara tatu. "Mwanangu, mbona unakwisha?"

"Mama nawe! Gari likiwa jepesi ndiyo linakimbia."

Mjomba wake, anayesoma maneno haya, alimsifu mbele ya binamu zake kwa kujinyima. Kujinyima ni fadhila. Kusifu bila kutazama ni uzembe, na uzembe huo ni wetu.

Marehemu hakuolewa. Alisema hayo yangesubiri mashindano yaishe.

Mashindano yalifanyika tarehe 9 Agosti. Alikuwa na kilo 44. Alimaliza wa pili, akashindwa kuinuka kitini. Wenzake walidhani ni furaha, wakambeba juu juu wakiimba. Siku mbili baadaye hospitali iligundua saratani ya tumbo iliyokwisha kusambaa. Daktari aliuliza kukonda kulianza lini. Nahodha akafungua kompyuta, akamwonyesha jedwali. Tarehe zote zilikuwemo. Daktari alilisoma mpaka chini.

Alifariki tarehe 2 Oktoba, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 22, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama yake.

Ameacha mama, kaka mmoja, bibi mzaa mama, mjomba, binamu watano, na wenzake kumi na saba waliojua uzito wake kila wiki.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi tuliobaki, amani tusiiombe upesi.