Mjusi Ndani ya Friji la Soda

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la fundi cherehani, na mimi ndiye ninayewamiminia kahawa, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa pale lazima upite masikioni mwangu. Wiki hii habari ni moja tu: mjusi. Fundi, tunayemwita Mkasi, amemnunulia binti yake yule mjusi mnene mwenye miiba kidevuni, wenyewe wanamwita joka lenye ndevu. Mtoto ana pumu. Paka humbana kifua, mbwa humbana kifua, na kwa miaka yake yote kumi hajawahi kufuga chochote. Yuko kwa bibi yake, anarudi leo saa kumi. Na mjusi ana siku tatu hajala.

Saa nane Mkasi katoka dukani, uso umemshuka.

— Jamani, ndevu zimekuwa nyeusi tii!

— Amezipaka rangi, akasema Dalali, ambaye kazi yake ni kutafutia watu vyumba. Amesikia mwenye nyumba anarudi.

— Sitanii, ndugu yangu. Amelala tu. Nimemwekea panzi, hata kuwatazama hataki.

— Mradi msiisingizie nyumba, akadakia Barafu, fundi wa mafriji. Nyumba nimeitengeneza kwa mikono yangu hii.

Hapo alisema kweli. Nyumba yenyewe ni friji la soda lililosimama mlangoni mwa duka, lile la mlango wa kioo, lililokuwa limekufa miaka mingi. Barafu alitoa rafu, akamwaga mchanga, akasimamisha na gogo la kupandia. Halafu, kwa kuwa hawezi kuona friji bovu akapata usingizi, akalifufua.

— Linagandisha? akauliza Profesa. Huyu hajawahi kufundisha hata chekechea, ila husoma kila kipande cha gazeti kilichofungiwa misumari.

— Nimeweka namba moja. Kibaridi cha kistaarabu.

— Basi sawa, akasema Dalali. Miaka ishirini napangisha watu, hajatokea mteja akaniomba chumba cha joto.

— Lakini nikimgusa ni wa baridi kama bomba! Mkasi akalalamika.

— Ndiyo afya hiyo! akasema Dalali. Wewe umeshaona soda ya moto ukaisifia? Huyo ana upweke. Mtie kioo ndani, ajione.

— Kioo! Profesa karuka nusura amwage kahawa yangu. Ndevu nyeusi ni msiba, bwana. Mjusi wa watu kafiwa, na hapa hakuna hata mmoja aliyempa pole.

— Kafiwa na nani? akauliza Mkasi.

— Sasa mimi nitajuaje? Ukoo wake naujua?

Mkasi, masikini, akainama kwenye kioo cha friji na kusema, “Pole sana, mzee.”

— Nyote hamjui kitu, akasema Barafu. Jina lake tu linatosha. Joka! Joka lina moto tumboni. Huyu anaungua ndani kwa ndani, mpaka moshi umemtokea kwenye ndevu. Tumwongezee baridi, namba tatu.

Kusema kweli, ilituingia akilini. Hata mimi nilitikisa kichwa kukubali, Mungu anisamehe. Mkasi akanyoosha mkono kwenye swichi.

Ndipo akaingia mama mmoja kuchukua sketi yake. Akachungulia kwenye kioo.

— Nilidhani mnauza maji. Huyu ni nani?

— Ni wa binti yangu, Mkasi akajibu. Anaumwa.

— Pole, baba. Sasa huyu akitaka kuota jua, anaota wapi?

Profesa akamtazama Dalali. Dalali akamtazama Barafu. Barafu akawa anakagua kucha zake.

Mkasi hakungoja jibu. Alifungua mlango wa friji, akamtoa mjusi kwa mikono miwili, akamtia ndani ya shati, kifuani, akatoka nje akasimama katikati ya jua kali, kipara wazi. Dakika kumi. Dakika ishirini. Jasho likamtiririka.

Kisha akapiga kelele.

— Ananikwaruza! Jamani, ananikwaruza!

Alikuwa analia huku anacheka, mtu mzima yule, na damu kidogo imetokeza kwenye shati jeupe.