Anayeibeba Ardhi

Miaka ile lori ndilo lililokuwa basi. Siku tatu baada ya tetemeko, Zuleha alipanda lori la Bagamoyo kurudi kwake Zinga, debe la chokaa mapajani. Ukuta wa chumba chake ulikuwa umeanguka na fundi ameshausimamisha upya. Ulibaki kupakwa tu. Mbele yake, watu wawili wasiojuana walikuwa wakibishana kwa adabu.

"Ardhi imebebwa na fahali, bwana," alisema Maalim Mwinyimvua, "naye kasimama juu ya samaki. Akichoka pembe moja huihamishia ya pili. Juzi alihamisha."

Natvarlal, muuza kanga, alitikisa kichwa taratibu. "Kwetu ni nyoka, maalim. Ana vichwa elfu. Juzi alipiga miayo."

"Kwa vichwa elfu, angepiga miayo kutwa."

"Na huyo samaki wako yuko juu ya nini?"

Zuleha aliliona swali lile ni zuri, ila halikumfaa kitu.

"Maalim," akasema, "fahali akishahamisha, hupumzika muda gani?"

"Hilo sikulisoma, mama."

"Na nyoka?"

"Apendavyo mwenyewe," alisema Natvarlal.

Lori likasimama Zinga. Zuleha akashuka, akapokea debe lake, akawatazama wale wawili, ambao walikuwa wameshaanza tena.

"Mkishakubaliana ni yupi," akawaambia, "mwambieni atulie mpaka Ijumaa. Ukuta wangu haujakauka."