Mshenga wa Betri

Basi lilipotoka Bariadi, Mzee Machibya wa Mwandoya alitoa mfukoni kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni, akamwonyesha Mama Milembe, aliyejuana naye stendi asubuhi ile; mimi nilikaa kiti cha nyuma yao. "Mwanangu Bujiku anasoma Japani, amepata mchumba hukohuko," alisema. "Nakwenda kumposea. Ukibonyeza, hiki kinakusemea Kijapani." Tangu ije ruksa ya kuingiza bidhaa za nje nimeona mengi sokoni kwetu, lakini mshenga wa betri sijamwona.

"Kwani Bujiku si anakijua Kijapani?" Mama Milembe akauliza.

"Anakijua. Lakini mtu anajiposea mwenyewe, mama? Atakaa pembeni, kimya, kama kijana mwenye adabu."

Mama akakubali kwamba hilo ni sawa. Akakigeuzageuza. "Kinajua kutaja ng'ombe?"

"Kinajua treni, choo na bei ya chumba. Ng'ombe bado sijawakuta."

"Na wakweo wakijibu, kinasikia?"

Mzee alikichukua tena. "Hakisikii. Kinasema tu."

"Mshenga asiyesikia, baba, atakurudishia jibu gani?"

"Nitawaangalia nyuso," alisema, nami nikaona anaufanyia uso wa mama mazoezi.

Tulipofika Lamadi basi likasimama, Mama Milembe akashuka. Mzee akakibonyeza kidude chake dirishani, sauti ya kike ikasalimu kwa Kijapani. Mama akakunja magoti kidogo, akaitikia kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka," kisha akakiuliza ni mtoto wa nani.

Tukasubiri wote, hata konda.